Chai ya Kuchachuka Haichukui Nafasi ya Glavu

Somo kwa vikundi vya kujisaidia na kwa wote wanaobeba wagonjwa



Katika somo hili tutazungumzia mambo mawili ambayo ukiyatazama haraka utaona hayahusiani: chai ya kuchachuka, ile ambayo wengine huiita kombucha, na usalama wa wale wanaofanya kazi katika gari la wagonjwa. Tumeyaweka pamoja kwa sababu yalikutana katika maisha ya kijana mmoja tunayemfahamu, na sisi wenyewe tulichangia kosa lililotokea. Tunaomba kikundi chenu kisome somo hili kwa sauti katika mkutano, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

YALIYOTOKEA

Miaka michache iliyopita tulifundisha vikundi kadhaa vya akina mama katika milima ya Kisii jinsi ya kutengeneza chai ya kuchachuka. Kusudi letu lilikuwa jema. Majani ya chai yako shambani, sukari iko dukani, na chupa ikiuzwa sokoni inaleta shilingi mbili tatu za kikundi. Kazi ilienda vizuri. Lakini katika kuisifu chai hiyo tulisema maneno ambayo hatukuyapima. Tulisema ati "inasafisha damu" na "inakinga mwili na magonjwa." Tuliyapata maneno hayo kwenye karatasi tuliyopewa katika semina, wala hatukuuliza aliyeiandika aliyajuaje.

Mume wa mmoja wa akina mama hao alikuwa msaidizi katika gari la wagonjwa la zahanati. Usiku mmoja wa mvua walikuwa wakimkimbiza mama aliyevuja damu baada ya kujifungua. Nesi alikuwa amemaliza kumdunga sindano, na kwa haraka akaiweka juu ya kitambaa kwenye kiti, maana hapakuwa na sanduku la kutupia. Gari likaingia shimoni. Kijana alipojishika asianguke, sindano ile ikamchoma kidole. Hakuwa amevaa glavu. Pakiti ya mwisho ilikuwa imekwisha wiki iliyotangulia.

Yule mama alifikishwa hospitalini, na akapona. Kijana akajifunga plasta, akaendelea na kazi. Asubuhi alimweleza dereva, mtu mwema aliyemzidi umri. Dereva akamwambia, "Kunywa ile chai ya akina mama, asubuhi na jioni. Si walisema inasafisha damu?" Basi akanywa siku tano.

Siku ya sita alikuja kwetu kwa shida nyingine kabisa, karo ya mdogo wake. Ni katika kuongea tu ndipo akataja kidole. Tulimuuliza kama alipewa dawa yoyote. Akajibu, "Mama, si nakunywa ile chai mliyotufundisha?"

Tulikosa la kusema. Tulimpeleka hospitalini siku hiyo hiyo. Huko tukaelezwa kwamba dawa za kuzuia virusi vya ukimwi baada ya kuchomwa, zile zinazoitwa PEP, ni lazima zianze ndani ya saa 72. Saa hizo zilikuwa zimepita. Kilichobaki ni kupimwa, kungoja, na kupimwa tena. Mke wake alikuwa akinyonyesha mtoto wa miezi minne. Kwa miezi mingi watu hao wawili waliishi katika nyumba moja wakiogopana. Mwishowe vipimo vilionyesha kwamba hakuambukizwa.

Tulimshukuru Mungu. Lakini tafadhali ieleweke vizuri: si chai iliyomwokoa. Watu wengi wanaochomwa na sindano hawaambukizwi ukimwi, naye alikuwa mmoja wa hao wengi. Angekuwa yule mmoja anayeambukizwa, chai isingemsaidia, na maneno yetu yangekuwa ndiyo yaliyomchelewesha. Ndiyo sababu tumeandika somo hili.

SEHEMU YA KWANZA: CHAI YA KUCHACHUKA

Ni kitu gani?

Kuchachusha si jambo geni kwetu. Uji wa wimbi ukilala unachacha. Maziwa yakiachwa yanakuwa maziwa lala, na majirani zetu Wakalenjin wana mursik yao katika kibuyu. Busaa nayo ni nafaka iliyochachushwa. Katika vyakula vyote hivi, vijidudu visivyoonekana kwa macho hula sukari au wanga na kutoa vitu vingine: asidi inayoleta uchachu, hewa inayotoa povu, na wakati mwingine pombe.

Wakulima wa chai watatuuliza: je, si majani ya chai huchachushwa kiwandani? Ni kweli watu wa kiwanda hutumia neno hilo, lakini kazi yenyewe ni nyingine. Kule jani likishasagwa huachwa lishikwe na hewa mpaka ligeuke rangi kuwa jekundu na baadaye jeusi, kama vile ndizi iliyomenywa inavyobadilika rangi. Hakuna kijidudu kinachohitajika. Chai tunayozungumzia hapa huchachushwa baada ya kupikwa.

Hutengenezwa hivi. Chai ya rangi hupikwa, ikatiwa sukari, kama gramu 50 hadi 100 kwa kila lita moja. Ikishapoa kabisa, hutiwa kiasi cha chai ya zamani iliyokwisha chachuka pamoja na utando mnene ulio kama ngozi laini, ambao watu huuita "mama" au "uyoga." Kwa kweli si uyoga, ni kundi la hamira na bakteria wanaoishi pamoja. Chombo hufunikwa kwa kitambaa safi na kuachwa siku 7 hadi 10. Hamira hugeuza sukari kuwa pombe kidogo na hewa. Bakteria nao huichukua ile pombe na kuigeuza kuwa asidi, ile ile iliyo katika siki. Kwa hiyo kinywaji kinakuwa kichachu na chenye povu.

Je, ina faida kwa mwili?

Tuanze na ukweli ulio mzuri. Ni kinywaji cha kuburudisha. Kikitengenezwa kwa usafi, asidi yake huzuia vijidudu vingi vibaya kukua ndani yake. Kina vile vitu vizuri vilivyomo katika chai yoyote, na kina bakteria hai kama maziwa lala. Mtu aliyezoea soda tatu kwa siku, akiacha soda na kunywa hiki kidogo, huenda akapunguza sukari.

Lakini kusema kwamba kinatibu ni jambo lingine. Wataalamu wengi waliokichunguza walifanya kazi hiyo katika chupa za maabara na kwa panya. Mwaka 2003 Profesa Edzard Ernst wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, alitafuta majaribio yaliyofanywa kwa watu wagonjwa ili kuona kama chai hii inatibu, hakupata hata moja. Wengine waliotafuta tena mwaka 2019 walipata utafiti mmoja tu uliofanywa kwa watu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, walitoa jaribio la watu 12 wenye ugonjwa wa kisukari. Waliokunywa kwa wiki nne walionekana kushuka sukari ya damu ya asubuhi. Hiyo ni habari ya kutia moyo, lakini watu 12 ni wachache mno, na watafiti wenyewe walisema ni mwanzo tu. Hakuna mgonjwa wa kisukari anayepaswa kuacha dawa zake kwa sababu ya habari hiyo.

Na je, inasafisha damu? Hapana. Damu yetu husafishwa na ini na figo, mchana na usiku, bila kulipwa. Kinywaji hushuka tumboni. Hakifuati kirusi ndani ya damu na kukitoa. Tulikosea kusema hivyo, na tunaomba radhi kwa vikundi vyote tulivyovifundisha.

Madhara yanayojulikana

Mwaka 1995 katika jimbo la Iowa, Marekani, wanawake wawili waliokuwa wakinywa chai hii kila siku kwa muda wa kama miezi miwili waliugua ghafla, damu yao ikiwa na asidi nyingi kupita kiasi. Mmoja alifariki. Watu wengine wengi wa hapo walikunywa chai iliyotokana na "mama" yule yule bila kudhurika, na wakuu wa afya hawakuweza kuthibitisha kwamba chai ndiyo iliyosababisha. Hata hivyo walitoa tahadhari, na kusema kwamba mtu mwenye afya njema huenda asidhurike akinywa kama mililita 120 kwa siku, yaani nusu kikombe tu.

Huko Sydney, Australia, mtu na mkewe waliugua kwa sumu ya risasi, ile madini nzito. Walikuwa wakichachusha chai katika chungu cha kauri kilichopakwa rangi ya kung'aa, na asidi ikaitoa risasi iliyomo katika rangi na kuiingiza katika kinywaji. Habari zao ziliandikwa na madaktari mwaka 1998.

Kwa hiyo kikundi kinachotengeneza chai hii kishike masharti haya:

1. Tumieni chombo cha kioo. Msitumie sufuria ya aluminiamu, chombo cha shaba, wala chungu kilichopakwa rangi. Pikieni kwenye sufuria, sawa, lakini msichachushie humo.

2. Oshani mikono na vyombo kwa sabuni na maji moto. Mkiona ukungu wa kijani, mweusi au wenye manyoya juu ya utando, mwageni vyote pamoja na huo utando. Msiuondoe kwa kijiko na kuendelea.

3. Msizidishe siku. Ikikaa wiki tatu nne inakuwa kali kama siki.

4. Wasinywe kabisa: wajawazito, wanaonyonyesha, watoto wadogo, wagonjwa wa ini au figo, na watu ambao kinga yao ya mwili imepungua kwa ugonjwa au kwa dawa. Mwenye kisukari amuulize daktari kwanza.

5. Msiandike wala kusema kwamba inatibu ugonjwa wowote.

SEHEMU YA PILI: WANAOBEBA WAGONJWA

Ni akina nani?

Tangu mwaka 2013 huduma za afya zilipokabidhiwa serikali za kaunti, magari ya wagonjwa yameongezeka katika sehemu nyingi za nchi. Lakini sisi wa vijijini twajua kwamba safari ya mgonjwa mara nyingi haianzi na gari. Inaanza na vijana wanne na machela ya miti na blanketi, wakishuka mlima hadi barabarani. Au na bodaboda, au gari la jirani lililokodishwa kwa mchango wa kikundi. Kwa saa ile, kila mmoja wa hawa anafanya kazi ya gari la wagonjwa, na hatari ni zile zile.

Hatari ya kwanza: barabara

Ajali ni adui mkubwa wa kazi hii. Mlio wa king'ora hausimamishi lori lililokatika breki, wala hauondoi matope. Dereva afunge mkanda, na walio nyuma nao wafunge. Tunajua nesi hawezi kumhudumia mgonjwa akiwa amefungwa muda wote, kwa hiyo mengi yafanywe kabla gari halijaondoka, na panapokuwa na kazi ya lazima njiani, dereva apunguze mwendo au asimame. Mgonjwa afungwe kwenye machela, na machela ifungwe kwenye gari. Mtungi wa oksijeni usiachwe ukibingirika, kwani gari likigonga unaruka kama jiwe la kombeo. Jamaa wa mgonjwa awe mmoja, na awe ameketi. Tumeona gari moja likipanda mlima na watu saba nyuma, kila mmoja akilia, na nesi hana pa kusimama.

Dakika tano anazookoa dereva kwa kukimbia ni chache. Gari likianguka, wagonjwa wanaongezeka na gari linapungua.

Hatari ya pili: mgongo

Wengi wanaobeba wagonjwa huacha kazi kwa sababu ya mgongo. Kunyanyua kuna kanuni zake. Miguu iachane kidogo, piga magoti, mgongo uwe umenyooka, mzigo uwe karibu na kifua, kisha nyanyua kwa nguvu za miguu. Usijipinde huku umebeba, geuza miguu. Mmoja awe ndiye anayehesabu, na wote wanyanyue kwa pamoja akisema "tatu." Kama mgonjwa ni mzito na mko wawili, ita wengine. Hakuna aibu katika kuomba msaada.

Hatari ya tatu: damu na sindano

Hapa ndipo kijana wetu alipoumia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Vaa glavu kabla ya kumgusa mgonjwa anayetoka damu, anayetapika au anayejifungua. Glavu moja kwa mgonjwa mmoja, kisha itupwe. Kama kijijini hamna glavu kabisa, mifuko safi ya plastiki mikononi ni afadhali kuliko mikono mitupu. Sindano iliyotumika isirudishiwe kifuniko chake, kwa maana wengi hujichoma katika kufunika. Iingie moja kwa moja katika sanduku gumu la kutupia sindano, na sanduku hilo lifungwe imara kwenye gari.

Hatari iko namna gani? Katika watu 1,000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya ukimwi, kama 3 huambukizwa. Lakini homa ya ini aina ya B ni kali zaidi: kwa asiyepata chanjo, inaweza kufikia watu 30 katika kila 100. Jambo la furaha ni kwamba homa hiyo ina chanjo. Watoto wa Kenya walianza kuipata katika chanjo za kawaida mwaka 2001. Waliozaliwa kabla ya hapo, na ndio wengi wa madereva na wasaidizi, huenda hawajaipata kamwe. Mtu mzima huchanjwa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Asikatishe katikati.

Ukichomwa, au damu ikikurukia jichoni, fanya hivi:

1. Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikikamue, usikinyonye. Jicho lioshe kwa maji safi mengi.

2. Mwambie msimamizi wako siku hiyo hiyo, na iandikwe.

3. Nenda hospitalini au kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Dawa za PEP zikianza mapema ndivyo zinavyofanya kazi vizuri zaidi. Mwisho ni saa 72. Humezwa kwa siku 28 bila kuruka.

4. Rudi kupimwa kila unapoambiwa, na mpaka umalize vipimo tumia kinga na mwenzako wa ndoa, kama mnavyoshauriwa na mganga.

Saa 72 ni siku tatu. Ukichomwa Jumatatu jioni, Alhamisi jioni mlango umefungwa. Tunaomba jambo hili mlijue kwa moyo.

Hatari ya nne: hewa

Gari la wagonjwa ni chumba kidogo. Mgonjwa wa kifua kikuu anayekohoa humo ndani anawapumulia wote. Fungua madirisha hata kama kuna baridi. Mfunike mgonjwa blanketi badala ya kufunga dirisha. Mgonjwa anayekohoa apewe barakoa, na nesi avae yake. Mfanyakazi aliyekohoa wiki mbili aende apimwe makohozi. Asiseme ni vumbi.

Hatari ya tano: uchovu

Mtu ambaye hajalala ni kama mtu aliyelewa. Dereva mmoja hawezi kukaa zamu ya mchana na ya usiku wiki nzima, hata akiwa shujaa. Tena kuna uchovu wa moyo. Aliyemshuhudia mtoto akifa mikononi mwake anahitaji mtu wa kuongea naye, si kutaniwa. Akina baba hasa hunyamaza, halafu utawakuta kwenye chupa.

SEHEMU YA TATU: CHAI IKIINGIA NDANI YA GARI

Siku hizi wafanyakazi wengine hubeba chai ya kuchachuka kazini, wakisema inawapa nguvu. Hatuwakatazi kuipenda. Lakini ndani ya gari la wagonjwa ina mambo matatu ya kuangaliwa.

La kwanza ni pombe. Tumesema hamira hutengeneza pombe kidogo kabla bakteria hawajaigeuza. Ikitengenezwa nyumbani hakuna anayepima, na ikifungwa kwenye chupa kisha ikakaa penye joto, pombe inaweza kuongezeka. Mwaka 2010 huko Marekani maduka makubwa yaliiondoa kombucha kwenye rafu zao kwa sababu hiyo, ingawa ilitoka viwandani. Dereva wa gari la wagonjwa asiinywe akiwa kwenye zamu. Maji yapo, chai ya kawaida ipo.

La pili ni chupa yenyewe. Hewa ikikosa pa kutokea ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa, na gari limesimama juani, chupa hupasuka. Fikiria vipande vya kioo mahali mgonjwa anapolala.

La tatu ndilo ambalo wengi hawalijui. Gari la wagonjwa husafishwa kwa jiki. Kuna wanaofundisha ati chai iliyochacha sana, kwa kuwa ni kama siki, inafaa kuoshea. Jiki ikichanganyika na siki au asidi yoyote hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu. Katika gari lililofungwa milango mtu anaweza kuzimia. Msichanganye hata kidogo. Osheni kwanza kwa sabuni na maji, suuzeni, kisha pakeni jiki iliyozimuliwa. Kama lebo inasema ni ya asilimia 3.5, changanyeni kipimo kimoja cha jiki na vipimo sita vya maji, mwache dakika kumi, ndipo mfute. Milango iwe wazi, na mwoshaji avae glavu.

HAKI ZA MFANYAKAZI

Kenya ina sheria mbili za mwaka 2007 zinazohusu jambo hili. Ya kwanza ni ya usalama na afya kazini. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga panapokuwa na hatari. Glavu si zawadi, wala mfanyakazi hapaswi kuzinunua kutoka mfukoni mwake. Ya pili ni ya fidia kwa walioumia kazini. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba kila ajali iandikwe siku ile ile, hata ikiwa ni kidole kilichochomwa. Kisichoandikwa ni vigumu kukidai baadaye.

Wanaojitolea wako katika hali ngumu zaidi, kwa sababu wengi hawana barua yoyote inayoonyesha ni nani aliyewatuma. Kikundi au zahanati inayotumia watu wa kujitolea iwaandikie barua fupi yenye majina yao, kazi yao, na ni nani atakayelipia matibabu wakiumia. Ni karatasi moja tu.

KIKUNDI CHENU KINAWEZA KUFANYA NINI?

Msingoje mfadhili. Yako mambo yaliyo ndani ya uwezo wenu:

- Wekeni sanduku moja la kijiji lenye glavu, sabuni, tochi, barakoa, kamba za kufungia machela na blanketi. Mtu mmoja awe na ufunguo, na jirani yake awe na mwingine. Kinachotumika kirudishwe wiki hiyo hiyo.

- Kagueni machela. Miti iliyooza au gunia lililochanika limeshawaangusha wagonjwa wengi.

- Chagueni vijana wanane, wanne kwa wanne, wajifunze kunyanyua kwa pamoja.

- Andikeni ubaoni kituo kilicho karibu kinachotoa dawa za PEP usiku, na nambari ya simu ya gari la wagonjwa.

- Muulizeni mganga wa zahanati siku ya chanjo ya homa ya ini, kisha wabebaji wote waende pamoja.

- Mkiuza chai ya kuchachuka, faida ya chupa chache inatosha kununua pakiti ya glavu. Hapo chai itakuwa imesaidia afya kweli.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, nani alibeba mgonjwa mara ya mwisho? Alivaa nini mikononi?

2. Je, kuna kinywaji, mti au mafuta ambayo sisi husema "yanasafisha damu"? Ni nani aliyetuambia? Tumewahi kumwona mtu akichelewa kwenda hospitali kwa sababu hiyo?

3. Mtu akichomwa na sindano usiku wa leo, atafikaje hospitalini kabla ya asubuhi? Nani atalipa nauli?

4. Dereva wa gari letu hulala saa ngapi? Je, tumewahi kumuuliza?

KWA KUMALIZIA

Yule kijana bado yuko kazini. Amekwisha pata chanjo zake tatu, na hakubali gari liondoke kama hakuna glavu ndani. Wasaidizi wapya wanapokuja huwaonyesha kidole kile na kuwahesabia saa 72.

Akina mama wa kikundi nao bado wanatengeneza chai yao, na inanunuliwa. Mke wa kijana ndiye aliyetoa wazo la kubadilisha karatasi inayobandikwa kwenye chupa. Zamani iliandikwa kwamba inasafisha damu. Siku hizi imeandikwa: "Kinywaji cha kuburudisha. Si dawa." Mauzo hayakupungua.

Nasi tumejifunza kupima neno kabla ya kulifundisha. Mtu anayemwamini mwalimu wake hubeba maneno yake mpaka mahali ambapo mwalimu hayupo, hata ndani ya gari, usiku, kwenye mvua. Tunawatakia kazi njema, na tungependa kusikia kutoka kwenu mliyoyaamua katika mkutano.